Mwaka wa Motokaa na Urefu wa Safari

Wahenga walisema kwamba kipya kinyemi, ingawa kidonda. Msemo huu ni mzee kuliko motokaa, lakini sijaona mahali unapofaa kukumbukwa zaidi ya uwanja wa kuuzia motokaa. Mtu huingia humo na haja moja akatoka na matamanio kumi. Huulizwa anataka gari la mwaka gani, naye hujibu papo hapo, kana kwamba mwaka ni kipimo kitoshacho, kama mita kwa kitambaa au kilo kwa mchele. Msomaji, nataka tuichunguze tabia hii pamoja. Mfano wangu ni motokaa moja ya umeme iitwayo Nissan Leaf. Nimeichagua kwa sababu imebadilishwa mara nyingi tangu ilipotoka, na kwa sababu niliona jinsi jamaa zangu wa Embu walivyolazimika kuchagua mwaka wake mmoja na kuacha mwingine, katika jambo lililohusu uhai wa mtu.

Desturi ya kutoa motokaa mpya kila mwaka haikuletwa na umeme. Henry Ford aliuza motokaa yake iitwayo Model T tangu 1908 hadi 1927, akaunda zaidi ya milioni 15, na katika muda huo wote sura yake haikubadilika sana. Katika miaka ya 1920 washindani wake wa General Motors, chini ya uongozi wa Alfred Sloan, walishika njia nyingine. Walibadilisha sura ya magari yao mwaka baada ya mwaka, ili mwenye gari la mwaka jana alione limechakaa kabla halijachakaa. Njia hiyo ilishinda, na viwanda vingi huifuata hata leo. Basi yafaa mnunuzi ajue tangu mwanzo kwamba badiliko la mwaka laweza kuwa la aina mbili: liko linalomfaa msafiri, na liko linalomfaa muuzaji. Kazi ya akili ni kuyatenga mawili hayo, kama mpepetaji atengavyo punje na makapi.

Kwetu Kenya mwaka wa motokaa umeongezewa uzito na mambo mawili. Kwanza, watu husoma herufi za namba. Gari ambalo namba yake inaanza na KD hupewa heshima kuliko lenye KC, ingawa herufi hizo hueleza wakati gari lilipoandikishwa nchini, wala hazielezi wakati lilipoundwa. Pili, iko sheria. Motokaa iliyokwisha kutumika haikubaliwi kuingizwa nchini ikiwa imepita miaka 8 tangu ilipoandikishwa mara ya kwanza huko ilikotoka. Kwa hiyo kila Januari mlango hufungwa mbele ya mwaka mmoja. Mwaka 2023 yaliruhusiwa magari ya 2016 na ya baadaye. Mwaka 2025 yaliruhusiwa ya 2018 na ya baadaye. Kwa kuwa wengi wetu hununua magari yaliyotumika kwanza Japani, miaka tunayoitaja kwa fahari katika mitaa ya Meru na Embu ni miaka iliyokwisha kuwa ya zamani kwa wengine.

Hebu sasa tuisome orodha ya Leaf. Ilianza kuuzwa mwezi wa Desemba 2010, ikiwa na betri ya kilowati-saa 24. Kilowati-saa ni kipimo kile kile tunachotozwa kwacho bei ya stima nyumbani. Kwa kipimo cha serikali ya Marekani, motokaa hiyo ya kwanza ilikwenda kilomita 117 betri yake ikiwa imejaa. Mwisho wa mwaka 2012 ilipunguzwa uzito, na baadhi yake zikapewa chombo cha kupasha joto kisichokula umeme mwingi, pamoja na mwendo wa kushukia mlima unaorudisha umeme zaidi betrini. Mwisho wa mwaka 2015 ikaja betri ya kilowati-saa 30, ndani ya mwili ule ule wa kwanza, na masafa yakafika kilomita 172. Mwezi wa Oktoba 2017 mwili wote ukabadilishwa huko Japani. Betri ikawa ya kilowati-saa 40 na masafa kilomita 243. Mwaka 2019 ikaongezwa betri ya kilowati-saa 62, iliyoweza kuifikisha motokaa kilomita 364.

Orodha hii ina mafunzo matatu kwa mtu anayetaka kulinganisha mwaka na mwaka.

La kwanza ni kwamba badiliko kubwa laweza kufichika. Betri ilipokua kutoka kilowati-saa 24 hadi 30, mpita njia hakuona lolote, maana mlango, taa na kiti vilikuwa vile vile. Zaidi ya hayo, mwaka 2016 betri zote mbili ziliuzwa Japani kwa wakati mmoja. Kwa hiyo magari mawili ya mwaka mmoja, ya rangi moja, yaliyosimama bega kwa bega, yaweza kupitana kwa robo nzima ya betri. Mwenye kuuliza mwaka peke yake ataambiwa ukweli, na bado hatajua anunuacho.

La pili ni kwamba tarakimu yaweza kubadilika na motokaa isibadilike. Katika Marekani Leaf ya 2013 iliandikiwa kilomita 121, na ya 2014 ikaandikiwa kilomita 135. Mtu angedhani kwamba kiwanda kiligundua siri mpya. Sivyo. Motokaa ya 2013 ilimruhusu mwenyewe kuamuru betri ijazwe hadi asilimia 80 tu, ili isichoke mapema. Wapimaji walichukua masafa ya betri iliyojaa na masafa ya betri ya asilimia 80, wakatoa wastani. Mwaka 2014 ruhusa hiyo iliondolewa, ikabaki kuhesabiwa betri iliyojaa peke yake, na masafa yakaongezeka kilomita 14 juu ya karatasi. Barabarani gari la 2013 lilikwenda mbali sawasawa na mwenziwe, na tena lilikuwa na njia moja ya kuitunza betri ambayo mwenziwe alinyimwa. Vivyo hivyo Leaf ya kilowati-saa 40 ilitangazwa Japani kwamba huenda kilomita 400, hali Marekani iliandikiwa 243. Gari lilikuwa moja, vipimo viwili. Anayechukua tarakimu ya Japani ya gari moja na kuishindanisha na tarakimu ya Marekani ya gari lingine ni kama mtu alinganishaye debe na kibaba, kisha akashangaa kwamba hesabu haikubali.

La tatu ni umri. Tangi la petroli la miaka 10 huchukua petroli ile ile lililochukua likiwa jipya, lakini betri hupungua uwezo kwa miaka, kwa matumizi na kwa joto. Ndani ya Leaf, mbele ya dereva, mna vistari 12 vinavyoonyesha afya ya betri. Kistari cha kwanza kinapozimika, betri imekwisha kupoteza yapata asilimia 15 ya uwezo wake. Katika kiangazi cha 2012 wenye motokaa hizo katika mji wa Phoenix, katika jimbo la Arizona lenye joto kali, walilalamika kwamba vistari vyao vinazimika ilhali magari yangali mapya. Betri ya Leaf ilitegemea hewa tu kuipoza. Baadaye kiwanda kiliiunda upya ili istahimili joto zaidi, lakini betri inayopozwa kwa kimiminika haikuja mpaka kizazi cha tatu kilichotangazwa mwaka 2025. Basi motokaa ya mwaka wa karibu iliyoishi katika joto yaweza kuwa dhaifu kuliko ya mwaka wa nyuma iliyoishi katika baridi. Vistari vina habari kuliko namba.

Pengine utasema, msomaji, kwamba haya ni mambo ya wahandisi. Niruhusu basi nikupeleke kwa jamaa zangu, ambao si wahandisi, uone jinsi mambo haya yalivyoingia katika nyumba yao.

Shangazi yangu na mumewe hulima kahawa juu ya Manyatta, karibu na msitu wa Mlima Kenya. Mumewe alifundisha shule za msingi hadi alipostaafu, na ukoo mzima humwita Mwalimu. Mwaka 2022 figo za shangazi zilishindwa kazi, na madaktari wakaamuru damu yake isafishwe kwa mashine mara mbili kila wiki katika mji wa Embu. Kwenda na kurudi ni kilomita 40. Asubuhi alishuka akiwa na nguvu kidogo. Alasiri alipanda akiwa hana nguvu kabisa, na aghalabu alipanda ndani ya matatu iliyojaa, kichwa chake kikiegemea kioo. Siku nyingine walikodi gari, na kodi ya siku moja ililingana na mauzo ya kahawa ya siku nyingi. Mwalimu alihesabu: safari 104 kwa mwaka, kilomita 4,160. Kwa bei ya petroli shamba lisingeliweza. Nyumbani, hata hivyo, mlikuwa na stima. Ndipo mwaka 2023 walipokata shauri kutafuta motokaa ya umeme, na wakaniomba mimi na mwana wao tufuatane na Mwalimu hadi Nairobi.

Katika uwanja mmoja tulikuta Leaf tatu. Mbili zilikuwa nyeupe, zote za 2016. Moja ilikuwa na betri ya kilowati-saa 24 na nyingine ya 30. Ya tatu ilikuwa ya 2018, ya kilowati-saa 40, ya mwili mpya, inang'aa kama kioo. Binamu yangu alisimama kando ya hiyo ya tatu wala hakuondoka. Mwalimu alitoa daftari la shule, akaketi juu ya jiwe, akaanza kuandika.

Hakuandika miaka. Aliandika swali: Je, yaweza kwenda hospitali na kurudi mara mbili bila kutiwa umeme? Sababu yake ilikuwa wazi kwa yeyote anayekaa pande zile. Wakati wa masika miti huangukia nyaya, na stima yaweza kupotea siku mbili au tatu. Mgonjwa wa figo hawezi kuiambia damu yake ingoje mafundi.

Kisha akafanya hesabu ambayo kila mwanafunzi wa sekondari aweza kuifanya. Kilomita 40, kwa wastani wa kilomita 6 kwa kilowati-saa moja, ni yapata kilowati-saa 7. Motokaa na abiria wake ni kilo 1,800 hivi, nayo hupandishwa mita 400 kutoka mjini hadi nyumbani. Zidisha uzito, kimo na mvuto wa ardhi, utapata yapata kilowati-saa 2. Jumla ni 9 kwa safari moja, na 18 kwa safari mbili. Binamu alimkumbusha kwamba wakati wa kushuka mota hugeuka jenereta, hurudisha umeme betrini. Mwalimu akajibu kwamba mteremko ni rafiki, lakini msaada wa rafiki hauandikwi katika bajeti.

Motokaa ya kilowati-saa 24 ilikuwa imezimikiwa na vistari 2. Isingetegemewa kutoa zaidi ya kilowati-saa 17. Ile ya 30 ilikuwa imezimikiwa na kimoja. Ingetoa 22 hivi. Ile ya 40 ingetosha na kuzidi sana. Hivyo katika magari mawili ya mwaka 2016, moja lilianguka mtihani na jingine likafaulu.

Ikabaki kuchagua kati ya ile ya 30 na ile ya 40. Fedha za akiba zilitosha ile ya 30. Ile ya 40 ingehitaji mkopo wa sako kwa miaka mitatu. Lakini binamu alikuwa na hoja nzito. Dada yake ameolewa Meru, na wajukuu wako huko. Kutoka Embu hadi Meru ni zaidi ya kilomita 100, na barabara yenyewe hushuka na kupanda mabonde ya mito inayotoka mlimani: Thuci, Nithi, Mutonga na mingine, kabla ya kuvuka Ikweta karibu na mji wa Meru. Motokaa ya 30 iliyokwisha kuchoka kidogo ingefika kwa wasiwasi, na isingerudi bila kutiwa umeme huko. Ile ya 40 ingefika kwa raha. "Baba," alisema, "mama hakumwona mjukuu wake mdogo tangu alipozaliwa."

Mwalimu alinyamaza. Tuliporudi aliuleza ubishi wote mbele ya mgonjwa mwenyewe, kwa maana safari zilikuwa zake. Kabla hajaulizwa la kufanya, alitukumbusha habari ya kahawa yake. Babake alipanda SL 28, mbegu iliyochaguliwa katika miaka ya 1930, ambayo kikombe chake husifiwa hata leo. Mwaka 1985 ikatolewa Ruiru 11, inayostahimili ugonjwa wa kuoza matunda na kutu ya majani. Mwaka 2010 ikatolewa Batian. Zote tatu zimo katika shamba lake. Hakung'oa shamba kila mbegu mpya ilipotangazwa. Kila mara aliuliza mbegu hiyo inaponya ugonjwa gani, na kama ugonjwa huo uko kwake. Ulipokuwako, alikata shina la zamani akapandikiza juu yake. Usipokuwako, aliiacha miti yake izae.

Shangazi alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mwanangu, gari la kunifikisha Meru ni zuri, na moyo wangu unalitaka. Lakini mimi naomba lile litakalonirudisha hapa kila wiki, bila deni kuketi nasi mezani. Wa Meru watakuja kunitazama. Barabara ni ile ile."

Wakanunua ile ya kilowati-saa 30. Sitakuficha kwamba uchaguzi huo ulikuwa na gharama yake. Wajukuu huja kwa matatu wakati wa likizo, na kati ya likizo na likizo ni muda mrefu kwa mtu asiyejua hesabu ya siku zake. Binamu yangu bado hugeuza kichwa kila motokaa ya mwili mpya inapopita. Lakini katika masika ya 2024 stima ilipotea siku tatu, na shangazi alikwenda mjini akarudi, akaenda tena akarudi, na kistari cha mwisho cha umeme hakikuzimika. Katika nyumba ile hakuna aliyeuliza siku hiyo motokaa ni ya mwaka gani.

Nikiifikiri habari hii huona kwamba mara nyingi twauliza umri wa kitu mahali ambapo ingetupasa kuuliza kazi yake. Umeme wenyewe unaoisukuma motokaa ile watufundisha hivyo. Sehemu yake hutoka katika mabwawa ya Mto Tana, ukingoni mwa nchi ya Embu, ambako maji ya Mlima Kenya huzungusha mashine. Bwawa la Kindaruma lilianza kazi mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Mashine za Kindaruma zimekarabatiwa na kuongezwa, lakini ukuta ni ule wa 1968, na taa inayowashwa kwa nguvu yake haiwaki hafifu kwa sababu hiyo.

Wala usinielewe kana kwamba nadharau vitu vipya. Lau viwanda visingebadilisha chochote, Leaf ingalikuwa bado inakwenda kilomita 117, na mgonjwa wa Manyatta asingalikuwa na la kuchagua. Mabadiliko ya kweli ni neema. Lakini neema hiyo humfikia yule tu ajuaye kuitambua kati ya mapambo. Kwa hiyo, unapowekewa mbele yako vitu viwili vya miaka miwili, iwe motokaa, simu, mbegu au kitabu cha masomo kilichopigwa chapa upya, jiulize maswali manne. Ni nini hasa kilichobadilika? Kilipimwa kwa kipimo gani, na je, kile cha pili kilipimwa kwa hicho hicho? Kimetumika namna gani kabla ya kunifikia? Na swali la nne, ambalo kwangu ni la kwanza kwa heshima: je, badiliko hilo linaifaa safari yangu?

Maswali matatu ya mwanzo yaweza kujibiwa na mtu mwingine aliye hodari. La nne hakuna awezaye kukujibia. Muuzaji haijui safari yako, kiwanda hakiijui, wala jirani anayekutazama ukipita haijui. Wewe ndiwe unayejua ni mlima gani utaupanda alasiri, nani atakuwa amelala katika kiti cha nyuma, na giza litakuwa la siku ngapi. Ijue kwanza safari hiyo, kilomita kwa kilomita, ndipo uingie uwanjani kuchagua.